Msee, Hiyo Betri Ni ya Nani?

Kila tarehe 14 ikifika jioni, Kanairo yote inashika tenje. Si ati kuna game ya Champions League. Ni EPRA inatoa bei mpya ya mafuta. Group ya mbogi inajaa screenshot, dere anatusi kwa voice note, na msee wa nduthi anakimbilia petrol station kabla ya saa sita usiku, bei ya zamani ikiwa bado inahema.

September 2023 ndio tulivuka line. Super ikagonga 211 na ushee hapa Nairobi, mwezi uliofuata ikapanda 217. Mwaka huo huo VAT ya mafuta ilikuwa imetoka 8% ikafika 16%. 2024 wakarudi tena, road levy ikatoka bob 18 hadi bob 25 kwa kila lita. Hapo ndio wasee wengi walianza kuangalia stima na jua na macho mpya.

Na hapo ndio wazae wakaanza kutoa maoni. Eti nduthi ya betri itakufa kwa mvua. Eti solar ni ya ocha. Eti kitu haingurumi haina nguvu. Mzae anakushow hii yote akiwa amesimama kando ya jenereta yake, moshi nyeusi hadi kwa nguo ya jirani, na anapiga nduru ndio umsikie. Kwa mzae, kelele ndio power. Mwachie hiyo.

Lakini pia usiingizwe box na wale wa suti wanakuambia green energy ni sare. Jua ni sare, upepo ni sare. Waya, betri, mkopo na fundi si sare. Leo nakupea rada yote: nini iko moto, nini ni aibu, na nini itakukausha mfuko.

Stima yako tayari imeomoka

Anza na hii. Ukichomeka tenje Umoja, Kayole ama Roysambu, karibu unit 4 kwa kila 10 zimetoka chini ya ardhi pale Olkaria, Naivasha. Ndio, hapo hapo Hell's Gate mlienda kuendesha baiskeli mkapiga picha na mawe. Wanadrill shimo hadi kilomita mbili, tatu chini. Huko maji imechemshwa na joto ya Rift Valley, steam inapanda na hasira, inazungusha turbine. Unit ya kwanza iliwashwa 1981. Mvua inyeshe, jua izame, steam bado iko kazi.

Ongeza mabwawa ya Seven Forks kwa Tana, ongeza upepo ya Turkana, ongeza solar ya Garissa. Karibu 90% ya stima kwa grid yetu ni renewable. Kuna nchi za pesa ndefu bado zinachoma makaa ya mawe na zinatamani hiyo namba. Hii ni flex ya ukweli, na watu wa hapa hawaipigii kelele ya kutosha.

Sasa mbona tokeni inauma? Fungua ile SMS. Usikopi zile namba 20 uende, soma hadi chini. Kuna Fuel Energy Charge, hiyo ni mafuta ya thermal, mashine kubwa zinawashwa demand ikipanda jioni. Kuna Forex, ju mikopo na contract zingine ziko kwa dola na euro, na shilingi ikiteleza unalipa wewe. Kuna WRA ya maji ya mabwawa. Kuna REP ya kupeleka stima ocha. Kuna inflation, kuna EPRA, halafu VAT inakaa juu ya kichwa. Unit yenyewe ni safi, lakini imepakia abiria kama mat ya Rongai saa moja jioni.

Shida ya pili ni kwamba maji hugoma. 2000 ukame ilikausha mabwawa, nchi nzima ikawekwa kwa ration, mitaa zinapewa stima kwa zamu. Kwa hivyo mzae akianza "wakati wetu mambo ilikuwa sawa", muulize 2000 alikuwa anadishi na mshumaa ya nini.

Shida ya tatu ni waya. Ijumaa ya 25 August 2023, nchi karibu yote ikazima. Hadi JKIA, wageni wanashuka ndege gizani. Na jenereta ya hapo airport ikakataa kuwaka. Ile mashine ya kelele wazae wanaapa nayo ndio ilinyamaza siku moja tu ilihitajika. Unaeza kuwa na steam, jua na upepo, lakini kama line ni chache na zimechoka, moja ikianguka zingine zinafuata.

Sasa shika hii, ju ndio inaleta maana kwa mfuko. Usiku wa manane Kanairo ikilala, demand inashuka. Olkaria hailali. Steam ingine inaachiliwa hewani ju hakuna wa kununua. Stima safi, imeshachimbwa, inaenda na upepo. Ndio maana 2023 waliweka tariff ya e-mobility: bob 16 kwa unit, na bob 8 ukichaji ile time ya usiku demand iko chini, kabla ya levy na ushuru. Kitu yoyote inaeza kunywa stima usiku na kufanya wera mchana ndio imekaa pazuri hapa Kenya. Na unajua ni gani.

Nduthi inanyamaza, mfuko inaongea

Nduthi ya betri ndio iko moto saa hii. Kampuni ni Roam, Spiro, Arc Ride, na Ampersand wenye walianzia Kigali. Number plate ya kijani ndio luku. Ukisimama stage yoyote ya tao utaziona zikiteleza bila story, na msee wa Boxer ya petroli anajifanya hazioni.

Cheki venye swap inaenda. Msee anaingia station, anazima, anafungua kiti. Anashika betri na mkono wa juu, anaivuta, iko na uzito wa kukufanya upige magoti kidogo. Anaisukuma kwa slot imebaki wazi. Slot ingine inawaka kijani, anachomoa betri imejaa, anaiingiza mpaka iseme "tak". Kiti chini. Screen inasoma 100. Ameshapigiwa simu na customer kabla afunge helmet. Hakuna foleni ya petroli, hakuna msee wa pump amekukatia lita.

Na ndani hakuna drama. Hakuna oil ya kubadilisha, hakuna plug, hakuna carburetor, hakuna clutch cable ya kukatika ukiwa Juja Road. Fundi wa jua kali anakukosa hadi anakuuliza kama uko sawa. Hizo vitu ndogo ndogo ndio hula doh ya msee wa nduthi polepole, na hapa zimetoka kwa hesabu.

Aibu iko wapi? Aibu ni kuvunga hujui ukiwa pedestrian. Hii kitu haisikiki. Ukivuka na earphones unaangalia TikTok, utakutana nayo kwa magoti. Na wewe rider, piga hooter kwa kona. Kunyamaza ni poa kwa masikio, si poa kwa zebra crossing.

Sasa kwa ngori. Kwa deal mob, ukichukua nduthi, betri si yako. Unalipia bike kila siku, na unalipia stima kila swap, lakini betri ni ya kampuni. Kwa upande moja hiyo ni akili. Betri ndio kitu ghali kwa hiyo mashine, na ikichoka ni shida yao. Kwa upande ingine, uko kwa mkono yao. Betri ya hii kampuni haingii kwa station ya ile ingine. Wakipandisha bei ya swap, unalipa. Wakifunga station ya mtaa yenu, unasukuma. Ukikosa installment, kuna bike zinazimwa kutoka ofisi na msee hujawahi kumwona. Na siku unataka kuuza, unauza nini? Bodi na magurudumu? Nani atanunua nduthi bila moyo?

Halafu range. Betri moja ni kama kilomita 70 au 80 hivi, na ukibeba watu wawili na gunia ya viazi ukipanda mlima, inapungua. Kwa tao hiyo ni sawa, stations ni mob. Lakini usijaribu kuipeleka ocha matanga, mahali swap ya karibu iko county ingine. Utarudi kwa lori.

Bado nasema: kwa msee anapiga wera Kanairo siku nzima, nduthi ya betri ndio form. Mradi asome contract hadi page ya mwisho.

Nganya bila exhaust ni nganya?

Hii ndio debate ya stage zote. BasiGo walileta basi za stima 2022, wakaanza na sacco kama Citi Hoppa na East Shuttle. Basi inateleza, haitetemeki, abiria ya nyuma hakuli moshi. Mzae wa seat ya dirisha analalamika haisikii ikitembea, eti anashuku imesimama.

Wapenzi wa nganya nao wanalia: exhaust ikitoka, culture imekufa. Zii. Culture ya mat ni graffiti, ni screen, ni woofer inakutingisha mbavu, ni konda ananing'inia na mguu moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inahitaji dizeli. Na ngoma inasikika fiti zaidi engine ikinyamaza.

Kikwazo ni bei ya kuingia. Basi ya stima ni ghali kuliko ya dizeli kwa counter, ndio maana BasiGo waliitenganisha: mwenye sacco ananunua basi, halafu analipia betri na chaji kwa kila kilomita. Inasaidia. Lakini ni swali ile ile inarudi: betri ni ya nani? Na depot ya kuchaji usiku inataka nafasi na transformer ya nguvu. Sacco kubwa itaweza. Msee ako na mat moja na mkopo mbili atangoja sana.

Solar: usichezwe Luthuli

Wazae wanasema solar ni ya ocha. Wako na hakika ju ocha ndio waliona mapema. 2012 M-KOPA walianza kutoa kit unalipa deposit halafu kidogo kidogo kila siku na M-Pesa. Keja mob zikatoka kwa koroboi. Watoto wakasoma bila moshi kwa macho, na shosho akachaji simu bila kutembea hadi shopping centre. Kama hiyo ni ya kuchekwa, sijui ya kuheshimiwa ni gani.

Bei yake nayo isemwe. Ukilipa pole pole, mwisho wa yote umelipa zaidi ya msee wa cash. Na usipolipa leo, taa inajifunga. Hiyo ndio bei ya kukopa. Ijue kabla ya kuingia.

Mtaani kuna ngori ingine: paa si yako. Unakaa floor ya tatu, plot ya watu 30, paa ni ya landlord, na landlord ni mzae wa jenereta. Panel ya kufunga kwa balcony itachaji tenje na taa, basi. Mpaka landlords washikishwe, solar kubwa kwa mtaa itabaki ya mall na cousin yake, godown.

Ukienda Luthuli Avenue kununua panel, toa ushamba. Sticker ya panel inaeza kuandikwa 200 watts na ndani kuna nusu. Geuza panel, tafuta Isc kwa sticker, yaani amps za short circuit. Muambie fundi atoe multimeter, mpime amps nje saa sita mchana jua ikiwaka. Namba ikiwa mbali na ile ya sticker, rudisha doh mfuko. Muuzaji akikasirika, ashakujibu.

Betri nayo: wachana na betri ya gari. Hiyo imetengenezwa kustua engine sekunde chache. Ukiikamua kila usiku hadi chini ya nusu, inakufa haraka. Lithium ni ghali leo, lakini inavumilia miaka. Na kumbuka July. Kanairo inafunika mawingu kuanzia June hadi August, panel inapiga miayo. Ukipiga hesabu ya system yako na jua ya February, utakaa gizani na sweta.

Jikoni: hadithi za wazae zinaungua

Gas ya mtungi si renewable, lakini ukilinganisha na makaa na mafuta ya taa, mapafu ya mathe inakushukuru. 2023 VAT ya gas ilitolewa, hiyo ilikuwa poa. Lakini 1 February 2024, usiku, gas ililipuka Embakasi mahali ilikuwa inajazwa bila leseni, katikati ya keja za watu. Watu walikufa, mamia wakaumia. Hakuna joke hapo. Mtungi wa bei ya chini bila seal si deal, na filling point ndani ya mtaa si ujanja ya biashara. Ukiiona, ripoti.

Biogas ndio inachekesha wazae vibaya. Kibera kuna biocentre, choo ya jamii chini, na uchafu inageuzwa gas ya kupika. Mzae akisikia hivyo anakataa chai. Eti chai itanuka. Methane ikiungua inatoa moto ya bluu, sufuria haijui imetoka wapi. Mzae huyo huyo anakula sukuma imemea kando ya Nairobi River bila swali moja. Ngori ya ukweli ni ingine: hiyo kitu inataka kulishwa kila siku na kutunzwa. Kamati ikilegea, moto inalegea.

Na kama mzae anadhani biofuel ni mchezo ya watoto wa juzi, mkumbushe kwamba miaka ya 80 petroli ya hapa ilikuwa inachanganywa na ethanol ya miwa kutoka Muhoroni. Ni kizazi yao iliwasha, na ni kizazi yao iliacha ikazima. Halafu miaka ya 2000 wakaingiliwa na story ya jatropha. Panda, itatoa dizeli, utaomoka. Wakulima wakatoa shamba, mbegu zikatoka kidogo, mnunuzi akapotea. Mbegu yenyewe ni sumu, hata mbuzi haigusi. Kaa rada: mtu akikuuzia mmea badala ya mkataba wa mnunuzi, huyo anakuuzia ndoto, na shamba ingeweza kutoa mahindi.

Upepo safi, deal chafu

Ile upepo ya Turkana iko Loiyangalani, Marsabit: turbine 365 zimesimama, megawati 310. Upepo inapita hapo kati ya milima kama imelipwa. Ni project ya kujivunia, naisema bila kupepesa. Lakini mashine zilikuwa ready 2017 na line ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa haikuwa imeisha. Wenye project wakadai fidia, na mabilioni ikalipwa kwa stima haijatumika. 2021 korti ya Meru ikasema hiyo ardhi ilichukuliwa bila kufuata sheria. Wafugaji wa hapo walikuwa wanasema hivyo kitambo, na hakuna aliwaskia.

Kwa hivyo ukiskia "clean energy", uliza clean kwa nani. Stima inaeza kukosa moshi na bado iwe imemkanyaga mtu.

Na hakuna mahali hiyo inaonekana kama kwa betri nzee. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda ilikuwa inayeyusha betri za gari kando ya keja. Lead ikaingia hewani, kwa maji, kwa damu ya watoto. Phyllis Omido, mathe alikuwa amefanya wera hapo na mtoto wake akagonjeka, akaanzisha vita. 2015 akapewa Goldman Prize. December 2024 Supreme Court ikarudisha ile award ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakaaji. Miaka yote hiyo, ju ya betri ziliisha nguvu na hakuna alijali zinaenda wapi. Lithium haina hiyo lead, lakini ukiitupa kwa dampo ikatobolewa, inawaka. Nduthi zikiwa mob, betri zilizochoka pia zitakuwa mob. Hii ngori inakuja, na ni yetu.

Verdict

Mimi niko upande ya stima safi, mguu zote mbili ndani. Grid yetu iko sawa kuliko ya wengi, steam ya usiku inangoja kazi, na kila lita hatununui ni doh inabaki mtaani badala ya kuenda na meli. Mafuta tumeifuata tarehe 14 baada ya tarehe 14, na haijawahi kutuonea huruma.

Lakini usinunue ju ya luku. Kabla ulipe deposit ya nduthi, panel, betri ama jiko, uliza maswali nne. Betri ni ya nani? Nikikosa kulipa siku moja, nini inazimwa? Nani ataitengeneza mtaani kwetu, na spare iko wapi? Ikichoka, nani anaichukua?

Uliza kwa sauti, mbele ya mbogi, na jibu iandikwe kwa contract. Msee wa kuuza akishindwa kukujibu hizo nne, weka doh mfuko uende kwa mwenye anaweza.